Anaingia chini ya meza kila wenzake wanapokuja: michezo ya kikundi kwa mtoto mwenye usonji

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Alipokuwa na miaka 4 daktari alithibitisha kuwa ana usonji (autism). Anaongea sentensi za maneno mawili matatu, na anapenda mno magurudumu na chochote kinachozunguka. Ana dada yake wa miaka 8. Kwa miezi miwili sasa nawaalika watoto 5 wa jirani kila Jumamosi mchana ili ajifunze kuchangamana. Tunacheza viti vya muziki, kukimbizana, na kujificha na kutafutana. Dakika 10 haziishi, mwanangu anaziba masikio na kuingia chini ya meza, na anabaki huko akizungusha gurudumu la gari lake mpaka wenzake waondoke. Nikimvuta atoke analia, na juzi alimng'ata mtoto mmoja. Wenzake wameanza kusema hawamtaki. Shangazi yake anasema nimkazanie, atazoea. Jirani anasema watoto wa namna hii hawapendi watu, nimwache. Nimechoka na nimechanganyikiwa. Ni michezo gani ya kikundi inamfaa, na nifanyeje asikimbie?"

Mama, pole kwa kuchoka. Usiihesabu miezi hiyo miwili kuwa imepotea, maana umeona na kuandika mambo madogo ambayo watu wengi huyaruka: gurudumu, meza, zile dakika 10. Hayo ndiyo yananiwezesha kukujibu bila kubahatisha sana, ingawa sijamwona mwanao.

Umeuliza mambo mawili, michezo gani inamfaa na ufanye nini asikimbie. Kwangu hilo ni swali moja. Wanaomkimbiza si watoto, ni michezo ile mitatu, na tukiitazama kwa karibu utaona kwamba hata wewe na mimi, kama milango yetu ya fahamu ingekuwa wazi kama yake, tusingefika dakika ya 10.

Tuanze na ushauri uliopewa. Kwamba watoto wenye usonji hawapendi watu ni dhana ya siku nyingi, na barua yako yenyewe inaipinga. Angetaka kuwa mbali na watu, angetoka chumbani. Yeye anaingia chini ya meza, ndani ya chumba kilekile, mahali anapoiona miguu ya wenzake na kusikia vicheko vyao bila kugongwa na mtu. Mwaka 1932 mtafiti Mildred Parten alieleza namna watoto wadogo wanavyocheza: peke yao, au wakiwatazama wenzao, au bega kwa bega kila mmoja na chake, au wakipeana vitu na maneno, na hatimaye wakiwa na lengo moja na kazi wamegawana. Kutazama kumo humo. Mwanao yuko kwenye kutazama, nasi tunamtaka aruke hadi mwisho kwa mchana mmoja.

Shangazi naye anasema kwa mapenzi, lakini kuzoea kuna sharti lake. Mtu huzoea jambo linalomzidi kidogo tu, ambalo anaweza kulimaliza akiwa bado ametulia. Likimzidi kabisa, ubongo haujifunzi kulizoea, unajifunza kuliogopa mapema zaidi. Jumamosi nane au tisa zilizopita zimemfundisha kwamba wenzake wakija, kelele na maumivu vinakuja nao. Na kung'ata kule kulikuwa neno lake la mwisho. Alishasema kwa kuziba masikio, akasema kwa kujificha, akasema kwa kulia, na bado mkono ukamvuta atoke.

Sasa tuvitazame viti vya muziki. Mtoto anatakiwa asikilize muziki wa sauti kubwa huku akisubiri uzimike, na hakuna ajuaye utazimika lini. Anatembea akizunguka viti, anaangalia viti, anaangalia miili ya wenzake. Muziki unapokatika ana sekunde moja tu ya kuamua, katikati ya mabega yanayosukumana na mayowe. Akikosa kiti anatolewa nje akae peke yake. Yaani mchezo huu unampa mazoezi mengi mtoto aliye hodari tayari, na anayehitaji mazoezi ndiye wa kwanza kupelekwa pembeni. Na kinacholipwa ndani yake ni kumpokonya mwenzako kiti. Kwa mtoto anayejifunza kushirikiana na wenzake, sijui mchezo wa kawaida usiofaa kuliko huu.

Kukimbizana kuna tatizo la kuguswa kwa nyuma bila taarifa. Kujificha na kutafutana kunaonekana rahisi, ila kunadai kitu kizito: ukae mahali na kufikiri mwenzako aliye kule anaona nini na anajua nini. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith waliwafanyia watoto jaribio la kidoli aliyehamishiwa gololi yake akiwa hayupo. Watoto waliulizwa kidoli akirudi ataitafuta wapi, na watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walionyesha pale gololi ilipo kweli, badala ya pale kidoli alipoiacha. Jaribio hilo limejadiliwa sana tangu hapo na si wote wenye usonji wanaolishindwa, lakini linakueleza kwa nini mtoto mwingine atajificha huku kichwa tu kimefunikwa, au atatoka mwenyewe kabla hajatafutwa, na wenzake wakasema anaharibu mchezo.

Chini ya yote hayo kuna mambo matatu yanayofaa kubaki kichwani mwako. La kwanza ni hisi: sauti, mwanga na mguso vinaweza kumfikia kwa nguvu kuliko vinavyokufikia wewe. Hili si kudeka. Tangu mwaka 2013 tofauti za hisi zimo rasmi katika vigezo vya mwongozo wa Marekani wanaoutumia madaktari wengi kutambua usonji. La pili ni umakini. Wapo watafiti, baadhi yao wenyewe wana usonji, wanaoueleza umakini wao kama mwanga wa tochi: unamulika sehemu ndogo, kwa nguvu sana. Mchezo unaomtaka amulike muziki, viti, miguu na nyuso kwa mpigo unamwacha gizani. La tatu ni muda. Maneno yako yanahitaji kusafiri kabla hajayajibu, na ukiyarudia baada ya sekunde mbili ni kama kumpigia hodi mtu aliye njiani kuja kukufungulia. Sema mara moja, kisha hesabu kimoyomoyo mpaka 10.

Kuna upande wa pili ambao watu huusahau, nao ni wale watoto wa jirani. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye usonji anashindwa kumsoma asiye nao, na asiye nao anashindwa vilevile kumsoma mwenye usonji. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake waliwapanga watu wazima katika minyororo, kila mmoja akimsimulia anayefuata hadithi aliyoisikia. Mnyororo wa wenye usonji watupu ulifikisha hadithi vizuri sawa na mnyororo wa wasio na usonji. Hadithi ilimomonyoka zaidi pale walipochanganywa. Kwa hiyo ukimfundisha mwanao peke yake, umetengeneza nusu ya daraja. Connie Kasari na wenzake waliliona hilo shuleni, katika utafiti wa mwaka 2012 wenye watoto 60: kuwafundisha wanafunzi wenzao namna ya kumshirikisha mtoto mwenye usonji kulizaa matunda zaidi ya kumfundisha yeye tu akiwa na mtu mzima.

Basi, tufanye nini Jumamosi?

Punguza watu kwanza. Kutoka watoto 5 nenda kwa mmoja, pamoja na dada yake, wawe watatu kwa jumla. Mchague aliye mtulivu, anayeweza kusubiri, hata kama ana miaka 8 au 9. Yule mchangamfu anayeruka juu ya viti usimwite kwanza, hata kama anampenda sana mwanao. Punguza na muda: dakika 20, saa ileile, chumba kilekile. Wote wakiwa bado wanacheka, funga. Wazazi wengi huongeza muda siku inapokwenda vizuri, na ndipo inapoharibika, kisha kinachobaki kwenye kumbukumbu ya mtoto ni ule mwisho mbaya.

Meza usiiondoe. Iwe mahali pake pa kupumzikia, kwa kanuni ambayo kila mtoto anaijua: aliye chini ya meza hafuatwi, havutwi, haitwi mara mbili. Weka mto hapo. Ukimwambia mtoto kwamba mlango wa kutokea upo na hautafungwa, mara nyingi anakaa ndani muda mrefu zaidi, na akitoka anarudi mwenyewe. Hapo ndipo utajua kwamba amerudi kwa kupenda.

Chora picha 4 kwenye kipande cha boksi: mkono wa salamu, mchezo wa kwanza, mchezo wa pili, mkono wa kwaheri. Huhitaji kuwa mchoraji. Mwonyeshe asubuhi, mwonyeshe tena dakika 5 kabla wageni hawajaingia, na kila jambo likiisha yeye ndiye aigeuze picha yake. Neno "bado kidogo" halimwambii kitu. Picha mbili zilizobaki zinamwambia.

Mchezo wa kwanza uchukue kwake mwenyewe, kwenye magurudumu. Tafuta ubao wa urefu wa mita 1 hivi, uegemeze upande mmoja juu ya vitabu mpaka upate kimo cha sentimita 20 hadi 30. Ukizidisha, magari yatabiringika, na gari likibiringika mchezo unakatika. Weka magari madogo 6 au zaidi kwenye kikapu. Mstari wa utepe uwe sakafuni pale yanapoishia. Lile gari lake la kila siku lisiingie kikapuni. Ama abaki nalo mkononi, ama liwekwe kabatini kabla mgeni hajafika. Usimdai agawane kitu anachokipenda kuliko vyote siku ya kwanza, hata sisi hatuwezi.

Wiki mbili za mwanzo kila mtoto anateremsha gari lake, bega kwa bega, bila kudaiwa neno. Wewe unasema tu, "Tayari... twende!" Kaa kimya kati ya maneno hayo mawili, sekunde mbili, kisha tatu, kisha nne. Mtazame usoni kwenye ukimya huo. Siku moja mkono wake ulioshika gari utasimama hewani, macho yatainuka kutoka kwenye gurudumu kwenda kwa dada yake, kufumba na kufumbua, kisha yatarudi. Hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Ametaka kujua kama mwenzake naye anasubiri kile anachokisubiri yeye. Stadi nyingi za kijamii, kuanzia mazungumzo mpaka urafiki, zinasimama juu ya tendo hilo dogo la watu wawili kukitazama kitu kimoja na kujua kwamba wanakitazama pamoja. Usimpongeze kwa kelele hapo, utalivunja. Sema tu kwa sauti ya kawaida, "Dada anasubiri pia."

Wiki ya tatu mpe mgeni kikapu. Sasa gari halipatikani bila kumwendea mtu. Mwanao akinyoosha mkono, inatosha. Akisema "gari", mgeni anatoa. Akisema "gari jekundu", mgeni anatoa jekundu. Hakikisha mgeni anatoa mara moja, kwa kila njia atakayoomba, maana lengo ni ajue kwamba kumwendea mtoto mwingine kunaleta kitu kizuri. Wiki zinazofuata badilishaneni: yeye ashike kikapu, dada asimame upande wa juu wa ubao ateremshe, mgeni akae kwenye utepe aseme limefika au halikufika. Mmeshafika kwenye mchezo wa lengo moja na kazi zilizogawanywa, na hakuna aliyevutwa kutoka chini ya meza.

Kinachoharibu mchezo huu kwa kawaida ni mtu mzima. Mwanao anaponyamaza sekunde 5 mbele ya kikapu, utatamani kusema, "Mwambie, nataka gari." Ukisema, atakugeukia wewe, na yule mtoto mwenye kikapu atakuwa samani. Kaa pembeni, chini, nyuma kidogo ya bega lake. Subiri mpaka 10. Hakuna kitu? Onyesha kikapu kwa kidole. Bado? Sema neno moja, "Gari?" Msaada wa mkono uwe wa mwisho kabisa, na kwa ridhaa yake. Wiki inayofuata toa msaada mdogo kuliko wa wiki hii, la sivyo atajifunza kukusubiri.

Mchezo wa pili uwe wa mwili. Wewe, dada, mgeni na yeye mshike shuka kubwa jepesi, kila mtu kona yake, usawa wa kiuno, katikati mpira wa nguo. Moja, mbili, tatu, inueni, shusheni. Mpira hauwezi kubaki juu ya shuka kama mmoja anavuta na mwingine amelegea, kwa hiyo mchezo wenyewe unafundisha kwenda pamoja bila hotuba, na hakuna anayetolewa. Anzeni polepole sana. Muwe na neno la kusimama, na kila mtoto awe na haki ya kulisema. Puto usitumie, likipasuka mtakuwa mmerudi kule kule kwenye viti vya muziki.

Baadaye, shuka ikishazoeleka, jaribu mchezo wa simama na twende, kwa kadi ya kijani na nyekundu badala ya muziki. Yeye ndiye ashike kadi kwanza. Mtoto anayesumbuliwa na mambo ya ghafla hutulia akiwa yeye ndiye mwenye kuyaleta.

Kuhusu zamu, watu hufundisha kwa kusema "subiri" mara 20. Neno hilo halionekani. Tafuta kitu cha zamu, kijiti chenye rangi au kofia. Aliye nacho ndiye anayecheza. Zamu ziwe fupi mno mwanzoni, sekunde 10 kila mmoja, ili kusubiri kuishe kabla hakujauma. Ukiwa na watoto 6 wenye zamu ya dakika moja, mwanao anasubiri dakika 5 nzima. Hiyo nayo ni sababu ya kupunguza watu.

Pengine umesikia habari za Lego. Mwanasaikolojia Daniel LeGoff alichapisha mwaka 2004 matokeo ya vikundi vya watoto wenye usonji wanaojenga kwa matofali ya kuchezea wakigawana kazi tatu: mhandisi anatazama mchoro na kueleza, mgavi anatafuta vipande, mjenzi anaunganisha. Mpango huu unawafaa watoto wanaopenda vitu vyenye utaratibu, kama wako. Ila tafiti za baadaye zimeonyesha faida ya kiasi, si miujiza, na unadai lugha. Kwa mtoto wa maneno mawili matatu, mimi ningeuweka kwa miezi kadhaa mbele, nianze na umbo la vipande 6 hadi 8, yeye awe mgavi mwenye picha ya kila kipande mkononi, na kazi zibadilishwe kila dakika 5.

Watoto wa jirani waambie ukweli mfupi, ila mwanao asisemwe mbele yake kama hayupo. "Masikio yake yanasikia sauti kwa nguvu kuliko yetu. Akiyaziba, hajakukasirikia. Ukitaka mcheze, mwite jina, mwonyeshe kitu, kisha subiri. Akikataa leo, jaribu siku nyingine." Watoto hushika maelekezo ya namna hii haraka kuliko watu wazima. Aliyeng'atwa nenda kwao ukaombe radhi na ueleze unabadilisha nini, asilazimishwe kurudi. Ikitokea tena, watenganishe, mhudumie kwanza aliyeumia, sema "Meno yanaumiza" na usiongeze neno. Fundisho lenyewe lifanyike siku ya utulivu: kadi ya mkono ulioinuliwa yenye maana ya "basi". Ifanyieni mazoezi mkiwa wawili, hata mara 10 kwa siku, na kila akiionyesha uache mara moja unachofanya. Kadi isiyoheshimiwa itarudisha meno.

Yapo mambo ya kuyaacha. Akipungapunga mikono kwa furaha, mwache, huo ni mwili wake unavyocheka. Usimwambie "niangalie machoni". Watu wazima wengi wenye usonji wanaeleza kwamba wakijilazimisha kutazama macho hawasikii tena kinachosemwa. Na dada yake ni mtoto wa miaka 8. Asigeuzwe msaidizi wa tiba. Ampe kaka yake dakika 20 hizo, kisha awe na muda wake na wewe na marafiki zake bila kulinda mtu.

Utajuaje kama tunaendelea? Weka daftari, na kila Jumamosi andika mambo matatu tu: alikaa dakika ngapi kwa hiari yake, mara ngapi alianzisha jambo kwa mwenzake (kutoa, kuonyesha, kuita, kutazama na kucheka), na mara ngapi aliingia chini ya meza akarudi mwenyewe. Usihesabu maneno. Tazama wiki 6 kwa pamoja, maana Jumamosi moja inaweza kuharibiwa na usingizi mbaya au jino linalouma. Zikipita Jumamosi 3 mfululizo akiwa ametulia sehemu kubwa ya dakika 20, ongeza kitu kimoja: mtoto mmoja au dakika 5. Ukiongeza vyote viwili na mambo yakaharibika, hutajua kilichoharibu.

Utaambiwa pia habari za vikundi vya kliniki vinavyofundisha stadi za kijamii. Vina mtaalamu na mpangilio mzuri. Udhaifu wake ni kwamba kilichojifunzwa kwenye chumba kile mara nyingi hakimfuati mtoto uwanjani, kwa hiyo ukipata nafasi uliza wanafanya nini ili kihamie nyumbani na shuleni. Kikundi cha watoto wenye usonji watupu kina raha ambayo huenda mwanao hajawahi kuionja, ya kuwa na wenzake wasioona ajabu kuzungusha gurudumu. Kama kipo, mpeleke bila kuacha mchezo wa nyumbani. Kikundi kinachojivunia kumfanya "asionekane" ana usonji kiepuke, kwa sababu kuuficha usonji siku nzima kunamaliza nguvu za mtoto na mara nyingi huja kulipwa kwa wasiwasi na huzuni ukubwani. Anayekuahidi kuponya usonji, mwage hapohapo. Na inawezekana ukaja kugundua kwamba mwanao hatakuwa mtu wa vikundi. Rafiki mmoja wa kweli anatosha.

Sasa, mambo ambayo hayafai kusubiri barua. Akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kwa daktari. Vivyo hivyo akiwa na vipindi vya kukodoa macho bila kuitika hata ukimgusa, au mwili kushtukashtuka, kwa sababu kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko watoto wengine. Kama masikio yake hayajawahi kupimwa, yapimwe: mtoto anaweza kuumizwa na kelele na bado asisikie vizuri sauti ndogo. Nenda pia kama kung'ata au kujiumiza kunaongezeka, kama halali usiku, kama anatoroka nje, au kama kusikia tu neno Jumamosi kunamtia hofu hata baada ya kupunguza kila kitu. Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha atakusaidia kwenye njia za kuomba na kukataa. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo atakusaidia kwenye sauti na mguso. Uliza pia kama katika huduma za karibu nawe yapo mafunzo ya walezi yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa familia za watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji au ulemavu wa ukuaji: vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani. Mwanao yumo ndani ya umri huo, na mengi yanayofundishwa ni haya ya kucheza na kuwasiliana.

Jumamosi hii usialike mtu. Egemeza ubao, mwaga magari, kaa sakafuni pembeni yake na uteremshe gari lako bila kumwita. Akija, mpishe nafasi. Asipokuja, teremsha mara 10, kisha uache ubao ulipo mpaka jioni. Mgeni wa kwanza aje pale mwanao atakapokuwa anaujua mchezo huo kuliko wote watakaoingia.